Mwaka Niliojifunza Kutema Asali

Bi Grace amerudi Pemba mwezi huu wa Ramadhani, na jambo la kwanza aliloniuliza aliposhuka kwenye gari mbele ya kiwanda si habari za watoto wangu wala za magoti yangu, ambayo kwa simu ameshayasikia mpaka ameyachoka. Aliniuliza, "Raya, lile bakuli la shangazi yako lipo?" Nikamwambia lipo, limekaa palepale alipoliacha. Akacheka kile kicheko chake kinachoanzia tumboni, kisha akanikumbatia kwa nguvu hata mtandio ukanivuka kichwani. Wasichana wangu wa kazi walichungulia mlangoni kumtazama huyu mama wa bara, mnene, mvi tupu, anayemtikisa bosi wao kama mwanasesere. Hawakujua kwamba chumba wanachopatia riziki yao kimewekwa na mikono ile. Sikuwaambia papo hapo, kwa sababu nilitaka kwanza nimtazame mwenyewe, nishibe.

Mimi ndiye mkuu wa chumba cha kuonjea asali katika kiwanda kikubwa kilicho njia ya Vitongoji, kile kinachochemsha makonyo, vile vijiti vya karafuu, kutoa mafuta na kusafisha asali ya kisiwa kizima. Wanunuzi huja kwangu kutoka nchi ambazo majina yake nilikuwa nikiyaona kwenye ramani ya darasani tu. Nasema hivi bila haya, maana kuna watu wanaodhani unyenyekevu ni kujifanya hujui ulipofika. Mimi najua nilipofika, na najua pia kwamba nilikuwa karibu sana nisifike. Kila kitu kilisimama kwenye asubuhi moja ya mwaka niliotoka Gando, nimemaliza kidato cha nne, nikaja kukaa Vitongoji kwa shangazi yangu Bi Tatu na kutafuta kazi.

Chumba hiki kilikuwa ghala la magunia. Mwaka ule wakakipaka chokaa, wakatia dirisha kubwa la kioo linalotazama njia ya watu wapitao, na katikati wakaweka meza ndefu, ya juu, ambayo mtu huisimamia badala ya kuikalia. Juu ya meza zilipangwa glasi zenye mguu mrefu, na pembeni ndoo ya chuma inayong'aa. Vyote hivyo vilitoka kichwani mwa Bi Grace. Alikuwa amefanya kazi katika chumba cha kuonjea cha kiwanda kikubwa cha mvinyo huko Dodoma, na wenye kiwanda chetu walimwajiri kwa sababu hiyo hasa: walitaka mnunuzi wa asali apokewe kwa heshima ileile anayopewa mnunuzi wa mvinyo. Mimi nilichukuliwa niwe msaidizi wake. Siku ya kwanza aliniangalia kuanzia viatu mpaka ushungi, akanipa aproni nyeupe, akasema, "Wewe una pua. Nimekuona ulivyoingia, umenusa kabla hujasalimia."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unatia asali kidogo kwenye glasi, unaongeza maji ya uvuguvugu, unazungusha taratibu, unaingiza pua. Kisha unachukua funda dogo, unalitembeza mdomoni, unavuta pumzi, na unatema kwenye ndoo. Kutema ndiyo kanuni, alisema Bi Grace, maana ukimeza ya kwanza na ya pili, ya tatu huijui tena, ulimi umeshalewa utamu. Kunusa nilikuweza siku ileile. Asali ya mikoko, inayotoka kwenye mizinga ya pembezoni mwa bahari, niliitambua nimefumba macho, na ya mashambani vilevile. Kutema ndiko kulikonishinda. Kwetu asali ni dawa, anayeumwa kifua hupewa kijiko na asiyeumwa hukitamani, na mtu anayeitupa anaitwa mkufuru wa neema. Tena nilikuwa mwari, nimefunzwa kwamba msichana hatemi mbele za watu. Basi nilikuwa nikiinama kwenye ndoo, nikishajua macho ya Bi Grace yananitazama, koo linafunguka lenyewe na asali inashuka.

"Raya! Umemeza tena!"

"Imepita yenyewe, Bi Grace."

"Imepita yenyewe! Ina miguu?" Halafu akashika kiuno. "Jamani, huyu mtoto ataninenepea humu ndani."

Jumapili akirudi kanisani alikuwa akinialika chumbani kwake, nyumba ya kupanga nyuma ya soko la mjini Chake Chake. Chumba chenyewe kilikuwa na kitanda, jiko la mafuta ya taa, na kalenda ya mwaka uliopita aliyoipenda kwa picha yake ya milima. Alipika ugali mgumu wa kwao na mchicha wa karanga, mimi nakaa kwenye mkeka, yeye kitandani, na habari ilikuwa moja tu: kile chumba cha Dodoma. Alinisimulia mapipa makubwa ya mbao yaliyolala kwenye giza lenye baridi, wageni waliotoka mbali kuja kunusa glasi tupu na kubishana, na kimya kinachoingia mtu anapoweka pua. Nilikuwa na swali, na siku moja nikalitoa: "Na wewe ulikuwa unalewa?" Alicheka mpaka akaweka sahani chini. "Raya, mle ndani anayelewa anafukuzwa kazi. Tulikuwa tunatema kutwa nzima. Nilikuwa narudi nyumbani na njaa tu." Nilimwamini. Ila nilijua pia kwamba habari ile haikuwa ya kwenda kuihadithia Vitongoji.

Haikunisubiri niihadithie. Dirisha la kioo lilikuwa limeshafanya kazi yake. Jioni moja nilikuwa uani kwa shangazi nakuna nazi, nikawasikia wanawake wawili jirani wamesimama naye mlangoni.

"Bi Tatu, hivi wajua kama kiwandani kuna baa?"

"Baa gani?"

"Baa! Glasi za mguu, kitu cha manjano ndani yake. Wazungusha, wanusa, wanywa, watema. Na yule mama wa bara kazi yake ya zamani mvinyo, kasema mwenyewe sokoni. Na Raya wako yumo, tumemuona kwa macho yetu."

"Watema?"

"Watema kwenye ndoo."

Nikamsikia shangazi, sauti yake haikupanda wala kushuka. "Mie pombe sijaiona ikinywewa, lakini n'nasikia ni ghali. Mlevi gani huyo atemaye pombe yake?" Wakaaga. Mimi juu ya mbuzi ya nazi nikaacha kukuna, maana nilimjua baba yangu. Maneno yana miguu kuliko watu, na yale yalikuwa yakielekea Gando.

Yalipofika huko yalikuwa yameshaota pembe. Kuna aliyeniona nimevaa nguo fupi, kuna aliyenisikia nikiimba. Baba akatuma salamu kwa mtu: mwezi wa Ramadhani ukiandama atakuja mwenyewe aone, na kama ni kweli ananirudisha nyumbani. Wakati huohuo wenye kiwanda nao walikuwa wamechoka kusubiri. Chumba kile kilikuwa hakijaleta mnunuzi hata mmoja mkubwa, wakasema wazi kwamba anakuja bwana mmoja kutoka Maskati, na huyo akiondoka bila kununua, chumba kinarudi kuwa ghala, Bi Grace anarudi kwao na mimi natafuta pengine. Sijui kama msomaji ameshawahi kuipenda kazi akiwa bado hajaiweza. Mimi niliipenda mpaka nikawa naiota. Nilipenda harufu ya chumba kile asubuhi kabla hatujafungua dirisha, nilipenda kusikilizwa na watu wazima ninapotaja ninachokinusa, na sikutaka kurudi Gando kungoja mchumba.

Ramadhani ikaandama. Kwa shangazi mwezi huo nyumba nzima ilihamia jikoni, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akipika futari ya wasafiri inayopelekwa msikitini: majimbi ya nazi, muhogo, uji wa pilipili manga, na samaki wa mchuzi ambaye watu walikuwa wakichelewesha safari ili wamkute. Alikuwa na bakuli la bati la maua mekundu, limebanduka ukingoni, analoliweka chini karibu na jiko. Mchuzi ukichemka alichota kwa mwiko, akadondosha tone kwenye kiganja, akaligusa kwa ncha ya ulimi, akafumba macho, akatema kwenye bakuli, akasukutua na kutema tena. "Chumvi bado," anasema, au, "Limau yatosha." Nilimwona akifanya hivyo tangu utoto wangu, kila nilipokuja kufunga kwake, na sikuwahi kukifikiria kitendo kile zaidi ya ninavyofikiria kupumua.

Yule bwana wa Maskati, Bwana Nassor, alikuja katikati ya mwezi, asubuhi. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, kanzu yake haina hata mkunjo. Bi Grace alikuwa amezipanga glasi tangu alfajiri. Mgeni alizitazama, akatabasamu kwa huzuni. "Bibi, mimi nimefunga. Na ndege yangu ni alasiri. Nilidhani nitaona mizinga na mitambo. Asali sinunui kwa ulimi wa mtu mwingine, samahani. Labda tuonane mwakani." Nikamwona Bi Grace anavyoishika meza. Hakujua aseme nini, maana kwake ilikuwa dini ya watu na hakutaka kuikanyaga. Mimi nilikuwa na neno mdomoni, lakini kabla sijalitoa mlango ulifunguka, akaingia baba yangu.

Hakuja peke yake. Alimchukua Shehe wa msikiti wa kijijini kwa shangazi awe shahidi. Baba alitazama glasi za mguu, akatazama kile kitu cha manjano, akanitazama mimi nimesimama nyuma ya meza na aproni. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Raya. Vua hicho kitambaa, vaa buibui lako, twende zetu."

"Baba, hii ni asali."

"Mtoto wangu hasimami baa."

"Asali, baba. Nusa."

"Nimefunga, sinusi kitu."

Nyuma yake mlango ukafunguka tena, na hapo ndipo mambo yalipogeuka. Baba alikuwa amepitia kwa dada yake kumwambia anachokwenda kufanya, na shangazi akawafuata kwa miguu, amejifunga kanga mbili, mwiko bado uko mkononi na tui linadondoka. Alikuwa anahema. Hakumsalimia mtu ila Shehe.

"Shehe, shikamoo. Niulize kitu. Futari ya msikitini mwaila?"

"Marahaba, Bi Tatu. Twaila, alhamdulillahi."

"Tamu?"

"Tamu sana, sisemi uongo nami nimefunga."

"Chumvi yake mwadhani yatiwa na nani? Malaika? Naionja mie, hapa," akajigonga kiganja kwa mwiko, "na naitema. Kila siku ya Mungu nimefunga, naonja na natema. Basi kama kuonja na kutema ni ulevi, nyie nyote miaka yote hii mwafuturu kwa mkono wa mlevi." Akamgeukia baba. "Na weye Faki ndiye wa kwanza kuomba uongezwe."

Kimya kiliingia, kimya kilekile Bi Grace alichokuwa akinisimulia juu ya mkeka wake. Halafu Shehe akaanza kucheka. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili, na kicheko chake kilitikisa glasi juu ya meza. Alipopata pumzi akasema maneno ambayo nayakumbuka mpaka leo: kwamba anayepika ameruhusiwa kuonja, na anayetaka kununua kitu naye ameruhusiwa akionje, madhali hakishuki kooni, na saumu yake ipo. "Ila asiyekuwa na haja," akamaliza, "bora auache ulimi wake upumzike." Bwana Nassor akaitika kwa kichwa. Akaja mezani polepole. Kisha akanitazama mimi, si Bi Grace. "Basi anza wewe, binti. Nawe umefunga. Nione."

Nilikuwa sijawahi kutema asali mbele ya mtu hata mara moja. Mbele yangu walikuwa mnunuzi, Shehe, baba, shangazi na Bi Grace, ambaye midomo yake ilikuwa ikisema bila sauti, tema, Raya, tema. Ikiwa nitameza leo, saumu imevunjika, kazi imekwenda, na baba ana haki. Nilikamata glasi, nikaona ni chombo cha kumezea, nikairudisha. Nikafungua chupa yenyewe. Nikadondosha tone la asali kwenye kiganja changu, nikaligusa kwa ncha ya ulimi, nikafumba macho. Mle gizani sikuwa tena kiwandani. Nilikuwa jikoni kwa Bi Tatu, moshi wa makumbi ya nazi machoni, na koo langu likajua lenyewe la kufanya, kama lilivyojua miaka yote kwamba Ramadhani mchana mlango wake umefungwa. Nikainama nikatema. Nikasukutua, nikatema tena. Nikafumbua macho nikasema, "Ya mikoko. Yaanza tamu, yamalizia na chumvi kwa mbali." Bi Grace alipiga kofi moja kubwa, akalizuia la pili.

Bwana Nassor alionja zote, moja baada ya moja, kwa kiganja kama mimi, akitema kwa adabu kubwa. Aliirudia ya mikoko. Aliuliza inatoka wapi, nikamweleza. Akasema ataichukua yote tuliyonayo na ya msimu ujao. Alisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayeagiza chai, na mimi ilinichukua muda kuelewa kwamba chumba kimebaki na mimi nimebaki ndani yake. Bi Grace alielewa upesi. Alikwenda nyuma ya pazia, na aliporudi macho yalikuwa mekundu na anajifanya anatafuta kitambaa. Meza ilipokuwa inafutwa, Shehe aliikaribia chupa, akaitazama kwa mapenzi, akarudi nyuma. "Mie si mnunuzi," akasema, "nitangoja magharibi."

Baba alikuwa bado amesimama palepale. Nilidhani atasema tena twende zetu, maana yeye si mtu wa kurudi nyuma mbele za watu. Alikuja mpaka mezani, akaweka kiganja chake kikavu juu ya ile meza ndefu, akaipapasa mbao. Akamtazama Bi Grace, akamwamkia vizuri, akamuuliza hali ya nyumbani kwao. Kisha akanigeukia mimi. "Hii baa yenu," akasema, "Idi mosi yafunguliwa saa ngapi?" Shangazi alimpiga begani na mwiko, tui likaingia kwenye kanzu yake nyeupe, na alikwenda nalo Gando hivyohivyo. Nilimpenda baba yangu siku ile kuliko siku nyingine yoyote, na nilipata kumwambia hivyo kabla hajaondoka duniani.

Kesho yake shangazi aliniletea bakuli lake la maua. Alisema ndoo ya Bi Grace inang'aa mno, inamtia mtu haya, na kwamba yeye atanunua jingine. Limekaa juu ya meza mpaka leo. Miaka ikapita, Bi Grace akarudi kwao kuuguza mama yake, nami nikabaki na funguo. Wakati mmoja kazi ilinipeleka Dodoma, naye akanichukua mpaka kwenye kile chumba nilichokijua kwa masikio tu. Kila kitu kilikuwa kama alivyosema: mapipa, baridi, watu wenye pua ndani ya glasi. Mimi sikunywa, na hakuna aliyenishurutisha. Nilikwenda kwenye pipa lililofunguliwa, nikainusa ile mbao iliyolowa, nikashtuka, nikanusa tena. Karafuu. Mle ndani kabisa ya mbao ile kulikuwa na harufu ya karafuu, ileile inayotanda Pemba wakati wa mavuno mikeka ikiwa imeanikwa njiani. Nikamwambia Bi Grace. Akacheka mpaka wageni wakageuka. "Umesafiri kote huku," akasema, "kuja kunusa kwenu."

Ndiyo maana juzi nilimpeleka moja kwa moja mezani. Wasichana walikuwa wameshapanga asali za msimu huu. Nikawaita, nikawaambia huyu ni nani, na mmoja wao, mwenye maneno mengi kuliko wote, akamshika mkono, akamwamkia. Bi Grace hakufunga, nikamkaribisha ameze kwa raha zake. Akakataa. Alidondosha kwenye kiganja, akaonja, akainama kwenye bakuli la Bi Tatu, Mungu amrehemu, akatema kama msichana. "Siwezi kumeza mbele ya shangazi yako," akasema, na hakuwa anatania. Tukaonja hivyo chupa moja baada ya nyingine, tukisimuliana, mpaka wasichana wakaaga kwenda kufuturu makwao na mwanga wa dirishani ukawa mwekundu. Adhana ya magharibi ilitukuta tumesimama palepale, yeye upande ule, mimi upande huu, sahani ya tende kati yetu. Nikasoma dua, tukala tende, nikafungua chupa ya mikoko. Nikamimina kijiko chake na changu, tukavipeleka mdomoni pamoja, na safari hii hakuna aliyetema.